Mgeni Nyumbani kwa Mama

Jumapili, 9 Juni 1985

Chifu Noel kaja baada ya misa. Kasimama mlangoni kwa mama, hata kofia hakuvua. Eti nihame kijijini kabla mwezi haujaisha. Mimi! Niliyezaliwa chumba cha nyuma cha nyumba hii hii! Kosa langu niliolewa na Mzungu, na sheria ya serikali ya Kanada, huko Ottawa, inasema mwanamke akiolewa na Mzungu si Mmikmaki tena, si wa kabila letu. Nimemwonyesha mkono, bado una plasta. Nikamuuliza: nirudi kwa mume wangu Gerald akauvunje na wa pili?

"Madlene, sheria sikuitunga mimi."

Hakuitunga. Ila kuifuata anajua!

Jumatatu, 10 Juni

Kwa kaka yangu Stiven. Mkewe Brenda ni Mzungu wa Toronto, nywele kama ndevu za mahindi. Kwa sheria hiyo hiyo, kwa kuolewa na Stiven, Brenda ndiye Mmikmaki! Ana nyumba, na kura ya baraza la kijiji anapiga. Maskini, aliona haya, akashindwa hata kumimina chai. Aliyenichoma ni Stiven.

"Dada, nawe ungechagua vizuri."

Na yeye alichagua nini? Nimeondoka bila kuaga.

Jumatano, 12 Juni

Redio! Bunge limepitisha mabadiliko. Waliopoteza haki kwa kuolewa watarudishiwa. Nimepiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Mama alikuwa anachuna samaki, mikunga wa mtoni, hakuinua hata macho.

"Wanakurudisha wapi? Kwani mimi nilikufukuza?"

Nikacheka, halafu nikalia kwa hasira. Miaka kumi na minne mimi mgeni kwa mama yangu!

Ijumaa, 28 Juni

Imetiwa saini. Ni sheria.

Jumanne, 2 Julai

Asubuhi nimekwenda kwa chifu kuomba nyumba ya marehemu Agathe — iko tupu tangu majira ya baridi, panya ndio wenyeji. Noel katabasamu.

"Hongera, umekuwa wetu tena. Lakini nyumba hugawa baraza, si Ottawa. Foleni ni ndefu."

Foleni! Brenda alipanga foleni gani?

Na Gerald jana kaonekana kwenye kituo cha mafuta cha barabara kuu, anauliza mimi nalala wapi. Nikamwambia chifu hilo pia. Kasema mambo ya mume na mke yeye hayaingilii.

Basi. Nimevunja kufuli la Agathe kwa shoka. Mama kaja na blanketi na mkate wa moto, kakaa kama aliyealikwa. Brenda kaja na nyundo na misumari, madirisha ya nyuma kayapigilia yeye. Stiven hajaonekana.

Naandikia jikoni, sakafuni. Gari limesimama nje — chifu, na polisi wawili! Wanagonga.

"Wifi, usitoke," Brenda kaniambia. Kafungua mlango yeye, kasimama katikati, mikono kiunoni. Namsikia vizuri: kama wamekuja kumtoa Mzungu kijijini, waanze na yeye.

Naweka kalamu chini, nakwenda kusimama kando yake —