Elkana Onyancha na Kosa la Sindo

Baba, mwaka umetimia tangu tulipokulaza kaburini, Septemba ya 1968. Watu wa Homa Bay na Migori walikujua kama mwenye gazeti la sinema. Sisi tulikujua kama mtu asiyeweza kula kabla hajamaliza kueleza picha aliyoiona jana, uji ukipoa na Mama akiguna. Leo tunakukumbuka, na Mama anataka kukuomba radhi. Wasomaji nao wajue kwa nini.

Ulitoka Nyamira ukaja Homa Bay kuuza vitambaa. Mwaka 1964 ukanunua taipureta kuukuu na mashine ya kuchapia ya kuzungusha kwa mkono, ukaanzisha Shuka Jeupe, karatasi nne kila mwezi. Popote gari la sinema lilipotundika shuka lake uwanjani, ulikuwepo na daftari. Hukumstahi mtu. Uliandika kwamba shujaa fulani alipigwa risasi mara tisa na kofia haikudondoka, na kwamba huko ni kuwadharau watu waliosimama kwenye umande.

Wazee wa kanisa walikuuliza Msabato anatafuta nini sinema. Ukawajibu, "Watoto wenu wako pale. Mimi naenda nipate kuwaambia wanatazama nini." Walinung'unika, wakakuacha. Hata hivyo Sabato uliishika. Ijumaa jua likikaribia kuzama uliifunika mashine, na kilichobaki kilibaki.

Haraka hiyo ya Ijumaa ndiyo iliyokuponza. Mwaka 1966 ulitazama picha kule Sindo, siku ya Alhamisi. Dishon, aliyeajiriwa kulitembeza gari la sinema na kueleza picha kwa kipaza sauti, alitanguliza mkanda wa tatu akaacha wa pili mwisho. Mkulima akazikwa, halafu akaonekana analima. Dishon hakukosa la kusema. Aliwatangazia watu kwamba hayo ni mambo ambayo mjane anayakumbuka. Wewe ukarudi Homa Bay Ijumaa mchana, hukuuliza mtu, ukaandika kwamba hujaona mtengenezaji wa picha mwenye ujasiri kama huyo, anayemzika mtu wake na bado akamaliza naye akiwa shambani. Nakala mia mbili zilitoka kabla ya magharibi.

Wiki iliyofuata picha ileile ikaonyeshwa Rongo, mikanda ikiwa sawasawa. Kicheko kilianzia huko kikafika Isebania. Wateja waliingia dukani kuuliza kama una kitambaa cha sanda ya mtu atakayefufuka. Mama hakulala kwa hasira. "Baba Nyaboke," alikuambia, "andika kwamba ni gari la sinema lililochanganya mikanda. Jina lako linaharibika hivi hivi tunaona."

Ulikwenda kwanza kumwona Dishon. Ukarudi, ukaketi, ukaandika ukurasa wa mbele: "Kosa ni langu. Niliandika kabla sijauliza." Basi. Gari hukulitaja.

Nusu ya wasomaji walikuacha. Mama alikuita mzembe, mbele yetu na mbele ya wateja, na tangu siku hiyo hakulisoma gazeti lako tena. Kila mwezi ulimwekea nakala moja mezani. Kila mwezi aliiwashia jiko. Nawe ulimwomba tu chai.

Siku ya mazishi yako Dishon aliomba kusema. "Mzee alinikuta nimeshika kichwa," alisema. "Tajiri mwenye gari alikuwa ameshanionya, kosa moja tena nirudi kwetu. Nina watoto watano. Nikamwambia, Mzee, ukiandika, mimi nimekwisha. Akaniuliza, 'Siku hizi unaihesabu mikanda kabla ya kuanza?' Nikasema ndiyo. Akasema, 'Basi yamekwisha.' Kazi hiyo ninayo mpaka leo."

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wa kanisani. Alisimama, akaingia ndani, akakaa huko mpaka watu walipomfuata.

Mwaka huu wote amekuwa akitafuta nakala zako kwa watu. Mwalimu mmoja wa Rongo alimpa kumi na nne. Anazisoma jioni kwa sauti, anacheka peke yake. Tumemzoea hivyo.

Wanaokukumbuka ni mkeo Phelesia. Wanao Nyaboke, Makori na Nyanchoka. Ndugu yako Gichana wa Migori. Na Dishon, ambaye ameomba jina lake liwe pamoja na yetu. Hakuna siku tutakayokusahau.

Na haya ni ya Mama, tumeyaandika alivyoyasema:

"Baba Nyaboke, nilikuita mzembe mbele ya watu, kwa hiyo nakuomba msamaha mbele ya watu. Nimekuwa nikisema, angeniambia tu, ningenyamaza. Lakini nisingenyamaza. Ningesimama sokoni siku hiyohiyo nikalisafisha jina lako, na Dishon angerudi kwao. Ulinijua."