Siku Tisa na Punje ya Bluu

Chumba cha Kuoshea Mawe,
Jengo la Nyuma, mlango wa kijani,
S.L.P. 418.

Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu,

Hujambo, mwanangu? Chakula kinapita? Lile jino limeacha kukusumbua? Mimi mjomba wako ni mzima, ila mgongo unalalamika na mvi zimeongezeka, ingawa wenye macho wanasema zimenikaa vizuri. Mke wangu anakusalimu sana. Amekufumia sweta, mikono imetoka mirefu, lakini utavaa.

Mama yako ameniandikia. Usimkasirikie, mimi ni nduguye wa tumbo moja, asiponiambia mimi amwambie nani? Anasema ulikata kitambaa cha bibi harusi kikawa kifupi, ukakisukuma chini ya rundo la mabaki, na tangu siku hiyo hujakanyaga kwa fundi wako wa cherehani. Fundi huyo anadhani unaumwa, na harusi ni mwisho wa mwezi. Pole sana, mwanangu. Pole ya kweli, si ile ya kusemea mlangoni. Tulia nikupe yangu, ambayo hata mama yako hajaisikia.

Kazi yangu unaijua. Shule niliishia darasa la saba, lakini maprofesa wa nchi tatu wameacha chai ikawapolea mkononi wakinisikiliza. Ndani ya mawe haya mna visukuku, yaani viumbe wa bahari ya kale waliogeuka jiwe: konokono, chaza, na vingine vyenye gamba dogo kama punje ya chumvi. Ni viumbe wasio na uti wa mgongo, kwa hiyo hawajui ninayoyajua mimi nikiinama kwenye sinki. Navunja jiwe, naliloweka mpaka liwe tope, nalipitisha kwenye chekeche la waya mwembamba. Kinachobaki nakikausha, nampelekea Mama Lenzi.

Jina hilo nimempa mimi. Ni binti aliyekuzidi umri kidogo tu, anasomea udaktari wa mambo haya, na jicho lake halibanduki kwenye hadubini. Huokota kila gamba kwa brashi yenye nywele mbili, hulihesabu vyumba vya ndani, hutazama mdomo wake uko upande gani, kisha husema huyu ni wa ukoo fulani, huyu binamu yake, huyu hajawahi kuandikwa popote. Ni kama bibi yako anavyomtazama mtoto mchanga akajua pua imetoka wapi.

Sasa kuna sharti. Ukimaliza jiwe moja, chekeche lazima ulichovye kwenye dawa ya bluu kabla ya jiwe lingine. Kuna punje kaidi hunasa kwenye waya hata usugue vipi. Dawa inazigeuza bluu, ili zikidondoka kwenye jiwe linalofuata, Mama Lenzi ajue huyu ni mzamiaji, kapanda chombo kisicho chake, amtupe.

Siku moja wakaja wanafunzi kututembelea. Unanijua nikipata wasikilizaji. Niliongea, mwanangu! Mikono ilikuwa hewani muda wote, na chekeche nikasahau kulichovya. Nikatoka kwenye jiwe la tabaka la juu, changa, moja kwa moja nikaosha jiwe la chini kabisa, la kale. Nilikumbuka jioni nikivua gambuti. Nikajiambia, ah, mara moja tu.

Baada ya siku mbili nikasikia kelele. Kwenye jiwe la kale Mama Lenzi ameona gamba moja, kama mipira mitatu iliyobanana, la ukoo ambao vitabu vyote vinasema wakati huo ulikuwa haujazaliwa. “Fundi, umeniletea bahati!” Jengo zima likaja kunipa mkono, na mimi nikapokea. Mikono miwili, mwanangu, nikapokea.

Tangu hapo chakula kikawa hakipiti. Nilimwona anaandika, anafuta, anaandika, akitaka kuipeleka makala yake kwa wakubwa wa fani hiyo Ijumaa. Wakiosha mawe yao wasimwone kiumbe huyo, ni jina lake litakalochafuka, na ndiyo kwanza anaanza.

Siku ya tisa, Alhamisi, nikaenda mezani kwake kofia mkononi.

“Siku ile ya wanafunzi sikuchovya.”

“Hukuchovya nini?”

“Chekeche.”

Akaweka brashi chini taratibu. “Siku tisa, Fundi?”

“Tisa.”

“Na mdomo wote huo?”

“Ulikuwa likizo.”

“Kesho ningeituma.”

“Ndiyo maana nimekuja leo.”

Hakucheka. Alifunika hadubini, akatoka. Nikamwona dirishani amesimama karibu na mapipa ya taka, anafuta macho kwa mkono wa koti. Nikatamani angenitukana.

Ijumaa nilifika wa kwanza. Kila jiwe huwa tunabakiza nusu. Nikaiosha nusu ya lile jiwe la kale, chekeche nimelichovya mara mbili, naye akaokota trei kumi na moja kwa siku nne, bila kunisemesha ila “lete” na “ondoa.” Mipira mitatu ya jiwe lenyewe haikuonekana. Trei ya tisa tu ndiyo aliyoniitia. Nikainama: pacha wake yule yule, mipira mitatu, bluu kama wino wa kalamu. Mzamiaji mwenzake alikuwa bado amejificha kwenye waya wangu.

Akafuta ukurasa mzima. Viumbe wengine sita aliowaeleza wamebaki mahali pao, na hakuna atakayekuja kumuumbua. Kesho yake nikaja nikijua nafukuzwa. Nikakuta jiwe jipya mezani kwangu, na kikaratasi: “Fundi, osha hili. Wageni marufuku.”

Sauti yake ya zamani bado haijarudi yote. Lakini chai tunakunywa meza moja.

Mwanangu, kitambaa bado kipo na mwezi haujaisha. Kitoe chini ya rundo, kakiweke mkononi mwa fundi wako. Atafoka, tena atafoka kweli. Wewe simama hapo hapo. Ukitaka nije nisimame nawe, piga simu tu, nitayaacha mawe. Yana uzoefu wa kusubiri.

Wazamiaji kawaida hutupwa, lakini huyu wa bluu nilimwomba. Yumo ndani ya bahasha, nimemgandisha kwenye kadi nyeupe chini ya kioo. Mama Lenzi mwenyewe ameandika pembeni jina la ukoo, jiwe alilotoka, na jina la mwoshaji. Mpeleke dirishani umtazame. Ni kinukta tu, utamtafuta. Na mimi siku tisa nilimbeba pacha wake nikashindwa hata kunyoosha shingo.

Msalimie mama yako, mwambie barua yake ilifika na asijifanye hakuandika. Msalimie bibi, na yule kaka yako mrefu, aache kugonga vizingiti. Mungu akupe moyo asubuhi utakayokwenda, na akurudishe nyumbani ukiwa mwepesi.

Wako akupendaye bila kukupitisha kwenye chekeche,

Mjomba wako,
Fundi wa Mawe