Kilio cha Mkawasi

Jumapili, Voi

Mtandaoni wanasema bunduki za filamu yetu ni za mbao. Ni kweli, na hilo halikuniuma. Wengine wanasema jambazi aliyepigwa risasi kule Kishushe anaonekana akipumua, na polisi wetu anakimbia kama mtu aliyechelewa ibada. Hapo hata nilicheka. Filamu ya ujambazi niliyoitengeneza kwa pesa kidogo vile, ningetarajia nini?

Lakini maoni mengi yanamhusu dada yangu Mkawasi, aliyeigiza mama anayemlilia mwanawe aliyeuawa. "Huyu mama analia kama amemwagikiwa na chai." "Hajui kuigiza, mtoeni." Wamekata kipande hicho, wanatumiana wakicheka.

Hawajui kwamba mwaka jana alimzika mwanawe kule Wundanyi. Siku tuliyorekodi kilio kile hakuwa akiigiza. Nilisema "kata" na yeye akaendelea kulia. Sisi wengine tulisimama tu.

Leo baada ya kanisa alikuja kwangu na simu mkononi. Kipande kilikuwa kimemfikia kwenye grupu ya kwaya.

"Nitaitoa, dada," nikamwambia. "Nitaitoa filamu yote."

"Na hiki ambacho kila mtu anacho?"

Kweli. Hata nikifuta, nitakuwa nimefuta nini?

Alikitazama tena mpaka mwisho. Kisha akaniuliza polepole, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Kwani mtu hulia vipi?"