Picha ya Somoe

Jumatatu, 4 Machi
Ndoo nane za maji leo. Nne zangu, nne za mke mwenzangu, Somoe. Mgongo unawaka kutoka kiunoni hadi unyayo wa kushoto. Yeye, naye anaumwa mgongo, kalala kwenye godoro la sponji. Bakari, mume wetu, alimnunulia kule Lindi mjini siku ileile tuliyochukua majibu ya eksirei zetu. Mimi mke mkubwa nina mkeka.

Jumatano, 6 Machi
Picha yake, daktari alisema: pingili mbili za chini za mgongo zimesagika. Picha yangu: safi. Bakari akanitazama kama mwizi. Miaka mitano nalalamika mgongo, kumbe hamna kitu. Namwonea wivu mke mwenzangu. Wivu wa ugonjwa. Aibu, lakini ndivyo.

Ijumaa, 8 Machi
Palizi ya ufuta, peke yangu. Bakari kabaki kumpikia uji. Mimi hajanichemshia hata maji tangu tuoane. Niliporudi Somoe kasema, "Dada, shikamoo. Usinichukie, naogopa kuinama. Pingili zitachomoka." Marahaba nimeitikia shingo upande.

Jumapili, 10 Machi
Tunaitwa jina moja. Bakari alipomwoa, kijiji kizima cha Kilangala kilicheka: Bakari hatachanganya majina usingizini. Sikucheka. Mwaka ule nilivua shanga zangu za kiunoni. Yeye anazo. Nazisikia kila akipita.

Jumanne, 12 Machi
Mvua inaingia dirishani. Nimetoa picha yangu kwenye bahasha nizibie. Sikuwahi kuitazama, picha safi ya nini? Nimeiinua juani. Mifupa. Na kiunoni, mstari wa vitone vyeupe, vimepangana.

Shanga.

Tuliambiwa tuvue kila kitu. Mpiga picha alikuwa mwanamume, Somoe kaona haya, hakuzivua. Bahasha zote mbili ziliandikwa Somoe Bakari. Hii ni picha yake. Ile mbovu ni yangu.

Nimefurahi. Nimefurahi kweli, kama mtu aliyeshinda kesi. Kisha nikaogopa mgongo wangu.

Alhamisi, 14 Machi
Lindi, hospitali ileile ya mtu binafsi, hizi za siku za ruksa, tangu serikali iruhusu. Daktari katuomba radhi. Kasema kusagika ni kama mvi: wengi wanazo pingili hizo na hawaumwi. Hazichomoki. Kulala sana ndiko kunakokaza mgongo. Nitembee kila siku. Nibebe nusu ndoo. Nichuchumae, nisiiname. Maumivu yatapungua, huenda yasiishe. Miguu ikiishiwa nguvu au mkojo ukinishinda, nirudi haraka.

Nikamuuliza, basi Somoe alikuwa anajifanya? Kasema hapana. Picha safi haimwambii mtu kwamba haumwi. Bakari kainamisha kichwa. Nilitaka asikie hilo miaka mitano iliyopita.

Jumamosi, 16 Machi
Godoro limehamia kwangu. Laini mno. Nimelala asubuhi nzima kama mgeni. Uani Somoe anatwanga, hofu imemtoka. Bakari yuko naye, wanacheka. Kila mchi ukishuka, shanga zinalia. Wivu uleule, sasa wa mchi.

Nimeinuka. Mguu umeuma. Godoro nimemwachia paka. Nimepita katikati yao na nusu ndoo yangu, nimekwenda kisimani na kurudi, polepole.

Halafu nimefungua sanduku. Shanga zangu zipo, uzi umeoza. Nimemwagiza Bakari uzi dukani. Hakuuliza wa nini.