Kwa Nzisa Ndete, Aliyeilea Bizari ya Kibwezi

Nzisa, mwaka umetimia tangu ulale usiamke, na mwaka wenyewe hatujui ulipitia wapi. Asubuhi chai inapikwa, watu wanakwenda kazini, jioni wanarudi. Watu wanatuambia muda huponya. Labda. Sisi hatujasikia uchungu wala nafuu. Tumekuwa kama mdomo uliodungwa ganzi kwa daktari wa meno: unajua jino limetoka, lakini ukigusa, husikii kitu.

Ulikuwa kitinda mimba wa nyumba yetu hapa Buruburu. Ulisoma mpaka walimu wakachoka kabla yako, ukarudi na udaktari wa mimea, na siku ile tukakuuliza utafanyia nini kisomo chote kile. "Bizari," ukasema. Kaka yako Ngui alicheka hadi akakaa chini. "Watoto wa wenzetu ni madaktari wa watu, wetu ni daktari wa pilau!" Ulicheka kutushinda. Kisha ukatueleza polepole kwamba hii bizari nyembamba tunayonyunyiza sufuriani huletwa kwa meli kutoka mbali, na huku Kibwezi kuna jua na ardhi kavu ambako mahindi hufa kila msimu watu wakitazama. Bizari haitaki maji mengi. Ulitaka watu wa kule wawe na kitu cha kupeleka sokoni hata mwaka wa njaa.

Ulinuka uwatu na viungo vyako vingine, tuseme ukweli. Ukimkumbatia mtu Jumapili kanisani, Jumatatu ofisini wanamuuliza amekula nini. Ulisugua mbegu za dania kwa ndara hapo barazani zipasuke mbili mbili kabla ya kupanda, na waridi la Mama uliling'oa ukapanda shamari. Mama alinuna wiki nzima, kisha tukamkuta anatafuna mbegu za ile shamari baada ya chakula, akijifanya anaomba.

Kazi yako kubwa ilikuwa bizari isiyonyauka. Kila msimu ugonjwa ulishika mizizi, shamba lote likalala, na wewe ukatembea humo ukitafuta mashina machache yaliyobaki wima. Mbegu za hayo tu ndizo ulizoweka. Msimu uliofuata, vivyo hivyo. Friji la kituo chenu cha utafiti hukuliamini, kwa vile stima ilipotea ovyo, kwa hiyo mbegu zako bora ukazileta nyumbani kwenye kopo la kahawa, rafu ya juu jikoni.

Unajua kilichotokea, au pengine hujui. Siku ya matanga yako akina mama wa kanisa walijaa jikoni, na jirani yetu Khavere ndiye aliyeshika sufuria ya pilau. Alitafuta bizari, akaiona kwenye kopo, akanusa, akashukuru Mungu. Nzisa, ile pilau! Watu walilia wakiomba nyongeza. Mzee mmoja alisimama kutoa rambirambi, akaanza na mpishi. Baada ya mazishi mwenzako wa kituoni akaja kuuliza lile kopo. Khavere alikaa sakafuni, akajifunika uso kwa kanga. Yule mwenzako alisema hakuna mbegu nyingine ya namna hiyo, kituoni wala kokote. Tukamtazama Mama. Mama akauliza, "Walishiba?"

Tangu siku ile Khavere akawa akituona, anavuka barabara.

Simu yako Mama hakuizima. Aliichaji kila siku, ikawa inalia kabatini, na hakuna aliyeigusa, maana mwenye kuishika angelazimika kusema kwamba hupo tena. Mwezi huu wa tano ikalia wakati Mbeti, dada yako, anapanga vyombo. Akaishika bila kufikiri.

"Daktari! Mungu mkubwa, umeshika! Ni mimi, Kisilu wa Kibwezi. Mvua inapungua huku. Sasa nipande ile bizari, ama bado?"

Mbeti akasema, "Tunakuja." Kisha akakata simu.

Ngui akatafuta gari. Tulipokuwa tunatoka, Mama akamwambia asimame mlangoni kwa Khavere. "Mwambie avae viatu vya shamba." Khavere alitoka mbio, kiatu kimoja mkononi.

Mzee Kisilu alitupokea langoni akichungulia ndani ya gari. "Daktari yuko wapi? Amebaki nyuma?" Tukamtazama Ngui. Ngui akatazama tairi. Ndipo Mama akasema, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, "Nzisa alifariki, Kisilu. Mwaka jana."

Mzee alivua kofia. Aliingia ndani, akakaa huko, akatoka na fundo la kitambaa.

"Aliniachia hii. Ni ile yake ya mashina yaliyosimama. Akaniambia, 'Mzee, usiipande mpaka nije niushike udongo.' Mwaka juzi nilikuwa na haraka, nikapanda ile ya kwanza aliyonipa kwenye mvua, ikaoza yote. Basi mwaka jana nikangoja. Nikapiga simu, kimya. Nikasema, huyu mtoto amenikasirikia." Alifungua fundo, akalifunga tena. "Sasa nani ataniambia?"

Mama akainama, akachota udongo, akaufinya, akampa mzee.

"Wewe umezaliwa wapi?"

"Hapa hapa, Mama."

"Basi panda."

"Na nikikosea? Hakuna nyingine."

"Mwaka mwingine kwenye kitambaa itakufa pia. Hata Nzisa alikosea, tena sana. Panda, Kisilu."

Ikachanganywa na mchanga ili isirundikane, ikamwagwa kwenye mifereji isiyo na kina, kama ulivyomfundisha. Khavere alifukia kwa vidole, akipiga magoti, akilia kwa sauti. Sisi wengine tulikuwa wakavu kama lile shamba. Tulitamani kumwazima machozi.

Leo tunapoandika haya, bado haijatokeza. Ulisema bizari ni mvivu kuota, tunajikumbusha hivyo. Mzee Kisilu anapiga simu yako kila asubuhi, na sasa inashikwa. Mama ndiye anayeishika, na amekataza mtu mwingine. "Bado, Mama," anasema mzee. "Haya, bado," anajibu Mama, kisha wanaulizana habari za mvua na magoti yao. Ikiota tutakuambia, Nzisa. Isipoota pia tutakuambia.

Unakumbukwa na mama yako, Mama Mbeti. Dada yako Mbeti. Mzee Kisilu, aliyeomba awekwe mwisho kwa vile si wa ukoo, nasi tukakataa. Kaka yako Ngui na mkewe Mideva. Mpwa wako Kathini. Na jirani yako Khavere.

Hakuna siku tutakayoamka bila wewe mioyoni mwetu.