Benchi la Kocha Salehe

Jumatatu, 7 Julai

Mazoezi saa kumi jioni. Uwanja haujafyekwa tena. Mrushaji wetu alichelewa kutoka kazini Dar, akafika na shati la ofisi. Nikamwingiza hivyo hivyo. Besi ya pili bado ni gunia la mchanga. Linatosha.

Watu wanaopita barabarani bado wanasimama kuuliza huu ni mchezo gani. Nawaambia besiboli. Wanasema ahaa, wanaendelea na safari zao.

Tangu Kocha Salehe apate kiharusi, timu naiendesha mimi. Hatujapoteza mchezo. Leo Mwenyekiti Komba alikuja mwisho wa mazoezi akatangaza kwamba Kocha anarudi Jumamosi. Wachezaji wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Sikufurahi.

Jumatano, 9 Julai

Nimekwenda Kisarawe kumwona. Kibarazani, kanzu nyeupe, kofia ya timu kichwani. Amekonda. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, ulimi mzito kidogo lakini anaeleweka. Mguu wa kulia anauburuta. Mkono wa kulia anauita "huyu mvivu."

Alitaka kujua kila kitu. Nani anapiga, nani anazembea, goti la Hamisi linaendeleaje. Hamisi ndiye nahodha, na ndiye mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji mchezo mzima. Nikasema goti linavimba. Akasema Hamisi ni mwanamume, atavumilia.

Kisha akasema, "Mimi sijafa, Agnes."

Nikasema najua, Kocha.

Bi. Mwanahawa, mkewe, alinisindikiza hadi njiani. Akaniambia daktari amemkataza mumewe hasira. Halafu akasema, "Lakini akikaa hapa kibarazani ndiyo atakufa kabisa. Msimtoe, mwanangu." Nikamjibu hakuna anayemtoa.

Ndani ya basi nilifikiria alivyoniokota. Nilikuwa narusha mpira wa softiboli shuleni, sina pa kwenda baada ya kidato cha nne. Akanipa kazi ya kuandika pointi. Baadaye kufua jezi. Baadaye kufundisha wasichana. Baadaye msaidizi wake, timu ya wanaume, na waliocheka aliwaambia wakalie benchi mpaka kicheko kiishe. Kila ngazi niliyopanda aliishikilia yeye.

Naandika hili nisije nikalisahau. Maana nataka timu iwe yangu.

Jumamosi, 12 Julai

Kocha amerudi. Mchezo wa kirafiki, tumeshinda. Alikaa pale pale pake, mwanzo wa benchi. Mimi nikarudi pembeni ya besi ya tatu kuongoza wakimbiaji.

Kwetu ishara hutoka kwake tu. Mpigaji na mkimbiaji humtazama yeye kabla ya kila mpira. Akishika sikio, kaa. Akishika kifua, kimbia. Akishika ukingo wa kofia, gusa mpira taratibu, usipige kwa nguvu. Siku zote amenikataza kutoa ishara hata moja. Husema timu ina kichwa kimoja.

Leo ishara moja sikuielewa. Mkimbiaji pia hakuielewa. Hakukuwa na madhara.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeijua shida. Mkono wa kulia haufiki sikioni. Unaanza vizuri, unachoka njiani, unatua kifuani. Yeye hahisi. Anaamini ameshika sikio.

Maana yake kila akisema kaa, mwili wake unasema kimbia.

Nilimshauri atumie mkono wa kushoto. Akaniuliza tangu lini nimekuwa daktari. Wachezaji wawili walicheka, nikawakimbiza kuzunguka uwanja. Hamisi hakucheka. Wakati wa kufungasha magongo alinisogelea: "Kocha Agnes, sasa tumfuate nani?"

Nikasema mfuateni Kocha.

Jumamosi, 19 Julai

Tumepoteza.

Zamu ya mwisho, wapinzani wako mbele kwa pointi moja. Hamisi yuko besi ya tatu, karibu yangu kiasi cha kusikia anavyohema. Kilichohitajika ni kusubiri mpigaji apige. Nilimwona Kocha akiinua mkono. Niliuona ukipanda, niliuona ukikwama, niliuona ukitua kifuani. Hamisi akanitazama mimi. Sikusema kitu.

Akakimbia. Walikuwa wanamsubiri na mpira mkononi. Mchezo ukaisha.

Kocha alimfokea mbele ya timu yote. Wewe nahodha mzima, nimekwambia kaa, unakimbilia wapi? Mate yalimtoka. Hamisi alikuwa ameshika goti. Angeweza kujibu. Hakujibu. Aliniangalia tena, na mimi nikaangalia magongo.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya misa Mwenyekiti Komba aliniita dukani kwake, mtaa wa Picha ya Ndege. Akafungua soda mbili. Mfadhili amesema tukimaliza chini ya nafasi ya pili hatoi tena kitu. Bila mfadhili hakuna timu, na mimi sina kazi.

"Mwambie Kocha apumzike," akasema. "Wewe ni kama mwanawe."

"Wewe ndiye mwenyekiti."

"Mimi akinisikia presha itapanda."

Niliona anaogopa. Na mimi naogopa. Tukamaliza soda, tukaongelea mvua.

Jumanne, 22 Julai

Leo Kocha alikuwa kliniki, hakuja mazoezini. Nikawakalisha wachezaji kwenye majani. Nikawaambia kuanzia sasa waniangalie mimi. Wamtazame Kocha kwanza, kama kawaida, aone wanamtazama. Kisha wanitazame mimi. Nikikunja mikono, kaa. Nikishika kiuno, kimbia. Nikipangusa suruali, gusa taratibu.

Mmoja akauliza, "Na Kocha anajua?"

Nikasema hapana, na hatajua.

Hamisi akasimama, akavaa glovu yake. Wengine wakamfuata.

Jumamosi, 26 Julai

Tumeshinda vizuri. Kocha aliinuka benchi bila msaada, akatoa hotuba. Akasema mmeona faida ya kufuata maelekezo. Wote wakainamisha vichwa. Bi. Mwanahawa alikuwa amekuja na chupa ya uji wa mumewe, akanishika mikono yote miwili, akanishukuru.

Nilitegemea kujisikia vibaya. Sikujisikia vibaya. Niliona kila kitu nilichotaka kikitokea mbele yangu, kwa kupangusa suruali tu. Nimefurahi. Aibu inaweza kuja baadaye.

Jumatano, 30 Julai

Mazoezi. Joto. Hakuna la kuandika. Fundi ameezeka chumba cha nyuma cha mama mwenye nyumba, kelele siku nzima.

Jumamosi, 2 Agosti

Amejua.

Tulikuwa mbele. Katikati ya mchezo Kocha alishika kofia, safari hii mkono ulifika vizuri kabisa. Gusa taratibu. Mimi niliona walinzi wao wamesogea karibu kuusubiri, nikakunja mikono. Mpigaji akaacha mpira upite. Kocha akamtazama mpigaji. Kisha akanitazama mimi. Nilichelewa kukunjua mikono.

Akageuka kutazama uwanja.

Zamu iliyofuata tulikuwa na mkimbiaji besi ya kwanza. Kocha akasimama. Akatia mikono yote miwili mifukoni, ule mvivu akausaidia kwa wa kushoto. Akasimama hivyo, mbele ya benchi, kila mtu anamwona. Hakutoa ishara yoyote.

Mkimbiaji alimtazama. Akanitazama. Nilikuwa nimeshika kiuno tayari. Akakimbia, akaichukua besi ya pili kwa raha zake.

Kocha akarudi kukaa. Tulishinda. Alipanda gari la mpwa wake kabla hatujapeana mikono na wapinzani.

Jumapili, 3 Agosti

Sikwenda kanisani. Nilimpigia simu, haikupokelewa. Jioni akapokea Bi. Mwanahawa. Hakunisalimu. Akauliza, "Umemfanya nini mume wangu?"

Nikasema nitakuja.

Jumanne, 5 Agosti

Kisarawe. Upepo, mawingu. Nilimkuta kibarazani, kichwa wazi. Nikaamkia. Aliitikia, maana kutoitikia shikamoo asingeweza. Bi. Mwanahawa akaingia ndani, hakuleta chai.

Nilikuwa nimepanga maneno. Niliyasahau yote. Nikasema, "Mkono haufiki sikioni, Kocha. Unaishia kifuani. Hamisi hakukosea siku ile. Alifuata ulichoonyesha."

Akaujaribu mkono, pale pale mbele yangu. Akautazama ulipoishia.

"Ungeniambia," akasema.

"Ningekuambia, ungekubali?"

"Nisingekubali. Ningekufokea, ningekufukuza hapa." Ulimi ulikuwa umezidi kuwa mzito, akasubiri utulie. "Lakini ungeniambia. Umewaambia watoto wote, mimi ukaniacha. Nimesimama mbele ya watu kama sanamu ya dukani."

Nikaomba radhi. Hakuipokea, hakuikataa. Akasema amekwisha kumpigia Komba, amejiuzulu. Na kwamba Komba alimwuliza kuhusu mimi.

"Nimemwambia una akili. Sikumwambia una adabu."

Nikaondoka. Aibu imekuja. Haikuja kidogo.

Ijumaa, 8 Agosti

Mwenyekiti amenipa barua. Kocha mkuu mpaka mwisho wa msimu ujao, ikiwa timu itakuwepo. Nilisaini dukani, juu ya friji la soda. Nimeusubiri ukocha mkuu tangu nikiwa nafua jezi. Nilirudi nyumbani nikapika wali, nikala, nikalala mchana.

Jioni wachezaji wakatangaziwa. Walipiga makofi ya wastani. Hamisi alibaki kunisaidia kukusanya mipira.

"Nikuulize, Kocha?"

"Uliza."

"Na sisi ukituona tumechoka, utatuambia? Au tutaona tu wenzetu wanaangalia pembeni?"

Nilisema nitawaambia. Akaitikia kwa kichwa. Sidhani aliniamini.

Jumatano, 13 Agosti

Jumamosi tunacheza Dar, mchezo wa mwisho. Tukishinda, nafasi ya kwanza. Tukifungwa tunategemea matokeo ya wengine.

Goti la Hamisi limekuwa kama chungu. Hawezi kuchuchumaa mchezo mzima, na akichuchumaa hainuki kwa wakati kurusha. Anaficha. Anajifunga kitambaa ndani ya suruali. Timu nzima inajua.

Naweza kusema kuna mabadiliko ya mbinu. Naweza kumtuma Mwenyekiti.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemwita Hamisi kabla ya mazoezi, mbele ya benchi, mchana kweupe. Nikamwambia Jumamosi hachezi. Goti limekwisha. Anahitaji hospitali, si kitambaa.

Alinikumbusha miaka yake kwenye timu. Akanikumbusha alivyofokewa akanyamaza kwa ajili yangu. Ni kweli yote. Akasema, "Kumbe ndivyo unavyolipa." Akatupa glovu chini, akaenda zake kituoni.

Nimetetemeka mpaka mazoezi yanaisha. Kumbe ndiyo kazi yenyewe hii. Kocha Salehe aliifanya miaka yote na sikuwahi kumwona akitetemeka. Labda alikuwa akitetemekea Kisarawe.

Jumamosi, 16 Agosti

Tumefungwa. Mdakaji mpya aliachia mpira mmoja kwenye zamu ya mwisho, mmoja tu, wakapata pointi ya ushindi. Alilia. Nikamwambia aoge, apande gari.

Hamisi alikuja. Alikaa mwisho wa benchi na nguo za nyumbani, hakuzungumza na mimi. Lakini mpira ulipoachiwa, yeye ndiye aliyemfuata yule kijana kwanza.

Saa moja jioni tukapata matokeo ya uwanja wa pili. Tumemaliza nafasi ya pili. Timu ipo. Mwenyekiti alinirushia meseji yenye vikaragosi vingi vya kucheza ngoma. Nimeisoma, nimeiacha.

Jumapili, 24 Agosti

Nimekwenda Kisarawe bila kupiga simu. Bi. Mwanahawa alikuwa anamenya mihogo na jirani yake. Aliniangalia, kisha akasema daktari anataka mzee atembee kila siku, na leo yeye ana wageni, kwa hiyo kama nimekuja, nimtembeze.

Tukatoka. Barabara ya vumbi, inateremka kuelekea upande wa msitu. Kocha alikataa mkono wangu. Akatembea mbele na mkongojo, mimi nyuma yake. Aliamkiwa na kila tuliyepishana naye. Hakunitambulisha.

Chini kabisa tukapumzika kwenye ukuta wa nyumba isiyomalizika. Akauliza Dar ilikuwaje. Nikamsimulia yote, mpaka mpira ulioachiwa. Alisikiliza huku ametazama chini.

Wakati wa kurudi mlima ukamshinda. Akasimama, akavuta pumzi, kisha akanishika mkono juu ya kiwiko. Ana nguvu bado, yule wa kushoto. Tukapanda polepole.

"Ulikosea kumwacha Hamisi nje," akasema. "Hamisi angeudaka ule mpira."

"Angeudaka. Na asingeinuka tena. Sikukosea, Kocha."

Akasimama katikati ya barabara. Pikipiki ikatukwepa, ikapiga honi. Akanitazama usoni, kwa muda, kama anayejaribu kusoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo.

"Haya," akasema.

Tukaendelea kupanda. Hakuniachia mkono.