Jipu la Puani

Shosti, nimejifungia bafuni. Usinipigie, wataisikia simu.

Si wewe uliyeniambia nikifunike kipini cha puani kwa plasta, wakiuliza niseme ni jipu? Basi mama kachoshwa na jipu lisilopona. Leo kanikalisha kwenye kigoda, kitambaa cha moto mkononi: "Lete hiyo pua nilikamue."

Kulikamua! Shosti, KULIKAMUA!

Nikamwambia linauma. Akasema ndiyo maana linakamuliwa. Nikamwambia naliosha kwa maji ya chumvi. "Kumbe chumvi yangu inaishia huko!" Akaibandua plasta kwa mkupuo mmoja.

Kipini hicho, kinang'aa kama taa ya pikipiki. Na kukivua siwezi, aliyenitoboa alinionya kidonda bado kibichi, tundu litaziba.

Mama akakikodolea macho. Mimi roho juu. Halafu, sikia hii, akachukua plasta mpya akanibandika mwenyewe, taratibu, akaninong'oneza: "Baba yako akiuliza, ni jipu."

Ni jipu! Mama yangu huyu huyu!

Nikashusha pumzi. Haraka ya nini! Baba akapaza sauti toka sebuleni: "Hilo jipu si la kuchezea. Vaa viatu, twende zahanati wakalipasue."

Ndipo nikakimbilia huku. Sasa baba anagonga mlango, funguo za gari zinalia mkononi. Na mama, maskini, atasema nini tena? Kasimama pembeni yake anaitikia: "Toka, mwanangu. Jipu ni jipu."